Anza na Mkia

Umefaulu mtihani wa urubani. Mtahini amekupa mkono, ametia saini karatasi yako ya muda, nawe umeikunja ukaitia mfukoni kama hirizi. Mwezi mzima ukaruka kila ulipopata nafasi. Kisha Jumamosi moja ya anga safi ukafika uwanjani ukakuta ndege ya kukodi imekwisha kuchukuliwa. Ukazurura kati ya mabanda, na katika banda moja lililoachwa wazi ukaiona: ndege ndogo ya viti viwili, alumini tupu, haijapakwa rangi, inang'aa kama sufuria mpya. Ukamwuliza mzee aliyekuwa akifuta vioo vyake aliinunua wapi. Akakwambia hakuinunua. Aliijenga mwenyewe, ndani ya gereji ya nyumbani kwake, kwa miaka minne.

Tangu siku hiyo hulali vizuri.

Naijua hali hiyo, imenipata mimi pia. Nilizaliwa Tanga, nikakua na watu wa bahari, na sasa naishi Ohio, si mbali na Dayton, mji wa wale ndugu wawili wa duka la baiskeli walioipa dunia ndege ya injini. Kila kijana wa kwetu anayepata leseni huku Marekani akinipigia simu, tukishamaliza salamu na habari za nyumbani, swali ni lile lile: "Kaka, nijenge?"

Jenga. Hilo ndilo jibu langu na silirudishi nyuma. Ila kaa nikueleze unajengaje, maana uamuzi huu huu umewapeleka wengine angani, na wengine umewaachia gereji iliyojaa maboksi na leseni iliyopoa kwa kukosa kazi.

Tusafishe jambo moja kwanza. Kama unataka ndege ya kurukia mwezi ujao, nunua iliyotumika, au ungana na wenzako watatu mnunue moja, uende zako. Hakuna aibu yoyote, na kwa miaka mitatu minne ijayo utaruka kuliko mjenzi yeyote. Wala usijenge kwa kukimbia bei. Ni kweli kwamba Cessna 172 mpya siku hizi inapita dola 400,000, na ndege ya viti viwili ya kujijengea inaweza kukamilika kwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Lakini nyingi ya zile zinazopendwa, ukizifunga injini mpya na vyombo vya kisasa, zinapita dola 100,000, na hapo jasho lako hujalihesabu. Aliyeingia kwa sababu ya bei huchoka njiani. Anayefika ni yule ambaye akifunga mlango wa gereji saa nne za usiku tayari anawaza kesho ataanzia wapi.

Sheria ya Marekani yenyewe inalitambua hilo. Ndege hizi hupewa cheti katika kundi la ndege za majaribio zilizojengwa na mafundi wa ridhaa, na sharti lake kubwa ni kwamba zaidi ya nusu ya kazi, ile inayoitwa asilimia 51, ifanywe na watu wanaojenga kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Lisome tena neno hilo: kujielimisha. Watunga sheria hawakukutaka ufike ukiwa fundi tayari. Wamekufungulia mlango uingie ukiwa hujui, utoke ukiwa unajua.

Kwa hiyo pingamizi lako la kwanza, ambalo kila mtu huanza nalo, nimekwisha kulisikia. "Kaka, mimi sijawahi kushika hata tupa. Nashinda mbele ya kompyuta." Sawa. Nikuonyeshe kazi yenyewe, uipime mwenyewe.

Chukua mfano wa ndege za RV, zinazotengenezewa vipande vyake na Van's Aircraft ya Aurora, Oregon, kampuni iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973. Ndege zake zaidi ya 11,000 zimekwisha kujengwa na kuruka. Seti yake hukujia katika maboksi makubwa. Ndani mna mabati membamba ya alumini yaliyokatwa na kutobolewa na mashine, mataruma ya mabawa yaliyokwisha kukunjwa, mifuko ya ribiti, na michoro. Unachukua taruma moja. Unakwangua kingo zake zote kwa tupa na msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, kwa sababu kijikato kidogo kinachoachwa kwenye alumini ndipo ufa unapozaliwa baada ya miaka ya mtetemo. Unalishikiza kwenye bati lake kwa kleko, vile vibanio vidogo vya springi vinavyosimama juu ya bati kama miiba ya nungu. Unanyoosha matundu kwa drili. Unafungua tena kila kitu, unasafisha kila tundu, unadidimiza ukingo wake ili kichwa cha ribiti kilale sawa na uso wa bati, unapaka praima, unashikiza upya. Kisha mnapiga ribiti watu wawili: mmoja ana bunduki ya hewa upande wa nje, mwingine ameegemeza kipande cha chuma kizito upande wa ndani. Trrrt. Sekunde mbili. Mnapima kichwa kilichotokea ndani: upana wake uwe mara moja na nusu ya unene wa ribiti, kimo chake nusu ya unene huo. Kikiwa sawa mnasogea kwenye tundu linalofuata.

Ndege nzima ina ribiti zaidi ya 10,000.

Hapo umeyaona matata yote ya kazi hii. Hakuna hatua ambayo mtu mwenye subira hatajifunza kwa wikendi mbili. Kinachotisha ni wingi wake. Ndege ya namna hii hula saa 1,500, wengine 2,000, na ukiipa saa kumi kila wiki utamaliza kwa miaka minne kama yule mzee wa banda. Wazee wetu waliotuambia kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe walikuwa wameona midomo ya visima iliyolika kwa kamba za ndoo, hawakuisoma habari hiyo mahali. Muda wa saa moja kila jioni baada ya chakula unatosha. Mwenye kusubiri Jumamosi yenye nafasi ya kutwa nzima atasubiri sana, na akiipata atatumia nusu yake kukumbuka aliishia wapi.

Na utaharibu. Hili nakwambia mapema ili siku ikifika lisikuvunje. Mwezi wangu wa pili nilipiga ribiti nikiwa nimechoka, bunduki ikateleza, ikaacha alama ya mwezi mwandamo katikati ya bati nililolihangaikia siku tatu. Nilizima taa nikaenda kulala bila kula. Asubuhi nikampigia mshauri wa ufundi wa tawi letu. Chama cha EAA, kilichoasisiwa na Paul Poberezny karibu na Milwaukee mwaka 1953, kina matawi kila pembe ya nchi hii, na ndani yake wamo watu waliokwisha kujenga ndege zao ambao huja kukukagulia kazi kwa kujitolea, bila senti. Mzee wa watu akaja jioni ile ile. Akapitisha ukucha juu ya alama, akalitazama bati kwa upande wa taa, akasema halitaniangusha, lakini litaniuma kila nikiliona, basi niagize jingine. Nikaagiza. La pili nililimaliza kwa siku moja, kwa kuwa mikono ilikuwa imekwisha kulijua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: nilikuwa nikiisikia methali hiyo tangu shule ya msingi, na niliielewa nikiwa na umri wa miaka 38, mbele ya bati la pili.

Nije sasa kwenye jambo linalonitia hofu juu yako wewe hasa, rubani mpya.

Daftari lako lina saa 60, labda 80. Sheria huku inataka saa 40 kwa uchache kabla ya mtihani, na wengi wetu huhitaji zaidi ya hapo. Ujuzi wa saa hizo ni moto wa kuni mbichi, ukiacha kuupuliza unazima. Halafu mjenzi mpya anafanya hesabu inayoonekana ya busara: fedha ya kukodi ndege mwezi huu inatosha kununua drili na bunduki ya ribiti, basi ngoja apumzike kuruka, ataruka yake itakapokwisha. Miaka minne inapita. Ana ndege ambayo haijawahi kupaa, na yeye mwenyewe ana miaka minne hajatua. Wawili hao wanakutana siku moja mwanzoni mwa njia ya kurukia, kila mmoja akimtegemea mwenzake.

Naomba usiichukulie hofu yangu kuwa ya mtu anayependa kutisha watoto. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilizichunguza ndege hizi kwa undani, na ripoti yake ya 2012 ilisema wazi kwamba zinapata ajali zaidi ya ndege za kiwandani zinazofanana nazo. Ukitafuta sababu, utakuta ribiti hazimo. Kuvunjika kwa ndege angani hakukuwa jambo la kawaida. Yaliyoongoza yalikuwa mawili: injini kukosa nguvu, na rubani kupoteza udhibiti wa ndege ikiwa angani. Na sehemu kubwa ya ajali hizo ilitokea mapema, ndege ikiwa bado mpya au ikiwa imeingia mikononi mwa mtu mwingine aliyeinunua. Yaani bawa ulilolipiga ribiti kwa mikono ya kutetemeka litakubeba. Cha kuogopa ni bomba la mafuta ulilolifunga kwa haraka, na mkono wako uliosahau.

Watazame wale ndugu wa Dayton. Sote tunaikumbuka tarehe 17 Desemba 1903, Orville amelala kifudifudi juu ya bawa, sekunde 12, mita 37 hivi juu ya mchanga wa Kill Devil Hills. Miaka mitatu iliyotangulia tunaisahau. Kila mwaka tangu 1900 walisafiri na vyombo vyao visivyo na injini hadi pwani ile yenye upepo, na katika msimu wa 1902 waliteleza angani mamia ya mara, wakishuka kilima, wakikipandisha chombo tena, wakishuka tena. Walijenga huku wakiruka, na walichojifunza hewani leo walikirekebisha mezani kesho. Injini ilipofungwa, mikono yao ilikuwa imekwisha kujua kuishika ndege upepo ukiipiga ubavuni. Hawakuwa wahandisi. Hata cheti cha sekondari hawakuwa nacho. Walikuwa mafundi wa baiskeli waliokataa kuchagua kati ya karakana na anga.

Nawe usichague. Kabla hujaagiza boksi la kwanza, weka agano na nafsi yako kwamba hakuna mwezi utakaopita bila wewe kuruka mara mbili. Fedha ya kuruka iwe na mfuko wake, na mfuko wa ujenzi usiuguse. Ukifika mwezi ambao fedha haitoshi vyote viwili, ujenzi ndio usimame. Sheria inakutaka uwe umeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 ndipo ubebe abiria, na kila miezi 24 ukae na mkufunzi akupime. Hayo ni ya chini kabisa, na wewe hutafuti ya chini kabisa.

Fanya hesabu uone jinsi inavyokugeukia. Mara mbili kwa mwezi, saa moja na nusu kila mara, ni saa 36 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 144. Mwenye saa 60 leo atakuwa na zaidi ya 200 siku ndege yake itakapotolewa gereji. Ulikuwa unaniambia huwezi kujenga kwa kuwa saa zako ni chache. Ndugu yangu, miaka ya ujenzi ndiyo itakayokupa hizo saa, ukiitumia. Ndege ile haitarushwa na rubani aliyeko hapa leo akisoma makala hii.

Na siku ile ya kwanza hulazimiki kuirusha wewe. Nimeona watu wakipigania jambo hili kama heshima ya ukoo. Mtafute mkufunzi mwenye ndege ya aina hiyo hiyo, ufanye naye saa za kutosha mpaka kasi yake ya kutua uisikie kiunoni. Tangu 2014 mamlaka ya anga ya Marekani imeruhusu, kwa seti nyingi, rubani wa pili mwenye sifa akae kiti cha pembeni katika safari za mwanzo za majaribio. Na kama mwenye uzoefu akiirusha mara ya kwanza wewe ukiwa chini na redio mkononi, utalia vile vile. Baada ya hapo ndege yako itakuwa na kifungo chake: kwa kawaida saa 25 za majaribio ndani ya eneo lililopangwa kama injini na pangaboi ni mseto uliothibitishwa, saa 40 kama sivyo, bila kupakia watu wa kutembea nao. Saa hizo wengine huziona adhabu. Mimi nakwambia ndizo saa bora utakazopata maishani, kwa sababu unajifunza ndege moja tu, ambayo kila waya wake unaukumbuka ulikopita.

Hilo la waya nalisema kwa moyo wote. Ndege ya kukodi injini yake ikibadilisha sauti, wewe ni abiria mwenye usukani. Katika ndege uliyoijenga, sauti hiyo ina jina. Unakumbuka ulikaza nati gani, unakumbuka bomba lile lilivyokusumbua Jumapili ya mvua. Ndiyo maana mjenzi mkuu aliyeweka daftari na picha za kazi yake anaweza kupewa cheti cha kuikagua ndege hiyo mwenyewe kila mwaka. Kwa hiyo andika. Kila jioni, tarehe, saa, picha mbili.

Fedha nitazipita haraka, kwa kuwa kanuni yake ni moja: zitoke kwa awamu. Kampuni nyingi huuza mkia peke yake, kisha mabawa, kisha kiwiliwili, kisha vya kumalizia, na injini unaweza kuiacha mwisho kabisa. Desemba 2023 hiyo hiyo Van's, iliyoaminika kuliko zote, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya madeni yake. Waliokuwa wametanguliza fedha za maagizo wakakaa roho mkononi, bei zikapanda, na mwaka uliofuata kampuni ikainuka tena na kuendelea na kazi. Tangu hapo nawaambia vijana: lipia kile utakachokijenga msimu huu. Na injini inayosubiri miaka mitatu ndani ya boksi inazeeka bila kufanya kazi.

Nyumbani, ongea kabla ya kuagiza. Usimfiche mwenzako. Mwambie fedha ni kiasi gani, gari litalala nje miaka mingapi, na kelele za bunduki ya ribiti zitakoma saa ngapi za usiku. Halafu mpe kile chuma cha kuegemeza. Mkono mwembamba wa mke wangu uliingia mahali ambapo wangu usingeingia kamwe, na ribiti za ndani kabisa za mkia wetu ni zake. Binti yetu akiwa na miaka tisa alipanga kleko kwa rangi, fedha kwa saizi ndogo, shaba kwa kubwa. Baadhi ya mazungumzo mazuri kuliko yote niliyowahi kuzungumza na watu wangu yalifanyika tukiwa tumetenganishwa na bati, mmoja hamwoni mwenzake, tunaitana tu: "Tayari?" "Tayari."

Na wewe unayesoma ukiwa Nairobi, Dodoma au Kampala, hatua yako ya kwanza iko mezani kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako. Kabla hujatuma hata shilingi nje, uliza ndege ya kujijengea itasajiliwaje, nani ataikagua, itaruhusiwa kuruka wapi, upewe majibu kwa maandishi. Inachosha, lakini usikate tamaa. Mwaka 2019 kundi la vijana wapatao 20 wa Afrika Kusini, wengi wakiwa bado watoto wa shule, waliunganisha seti ya Sling 4, ndege ya viti vinne inayotengenezwa nchini kwao, kwa wiki tatu. Sita kati yao walisomea urubani. Kisha wakairusha ndege hiyo kutoka Cape Town hadi Cairo, wakipitia Zanzibar. Walikuwa marubani wapya kuliko wewe, na mpango wao ulikuwa na busara inayostahili kuigwa: mikono ilikuwa mingi, wataalamu walikuwa karibu, na ndege ya pili yenye marubani wazoefu iliwasindikiza njia nzima. Pwani hiyo hiyo ambayo mitumbwi na majahazi yetu yamepita kwa karne nyingi, ikapitiwa na ndege iliyofungwa nati zake na mikono ya vijana wa sekondari.

Nikiwa mdogo nilikuwa nikienda kukaa kwenye mchanga kutazama jahazi likiundwa. Fundi hakuwa na karatasi. Alikuwa na mkuku, gogo moja refu lililolazwa juu ya magogo mengine, na alilichonga wiki nzima kwa tezo bila kuinua kichwa. Baadaye ukaja mfupa wa mbele, ukaja wa nyuma, mataruma yakaota moja moja kama mbavu za ng'ombe, mbao zikapanda, kalafati ikaingia. Miezi mingi baadaye kijiji kizima kilikuja kulishua. Sikuwahi kumsikia mtu akimwuliza mzee yule kama ameamua kujenga jahazi. Alikuwa anachonga mkuku. Hata neno tunalojiitia, rubani, tumelichukua kwa watu hao. Lilikuwa jina la aliyeijua njia ya chombo kati ya miamba kabla halijapanda angani.

Wewe mkuku wako ni mkia. Ndiyo seti ya kwanza, ndogo kuliko zote, na gharama yake ni sehemu ndogo sana ya gharama ya ndege. Inaingia kwenye gereji ya gari moja. Ndani yake mna kila kazi utakayokutana nayo kwenye mabawa na kiwiliwili, kwa kiasi kidogo. Acha kujitesa usiku kwa swali la ndege nzima, la dola laki moja na miaka minne. Swali lako la mwaka huu ni la mkia tu. Ujenge. Ukifika mwisho wake ukakuta umechoka na kazi yenyewe, uuze. Wanunuzi wapo, na utakuwa umejifunza ufundi ambao hakuna atakayekupokonya. Ukifika mwisho wake ukajikuta unapima ukuta wa gereji kuona bawa litakaa upande gani, basi hunihitaji tena mimi.

Jumamosi hii nenda uwanjani, hata kama ndege ya kukodi imeshikwa. Mtafute yule mzee wa banda. Usimwulize maswali ya bei. Mwambie una mikono miwili na saa tatu za bure, akupe chuma cha kuegemeza au bati la kukwangua. Atakupa, sijaona mjenzi aliyemfukuza msaidizi. Rudi nyumbani na vidole vyeusi, ukae, uone usiku ule unawaza nini.

Mimi kipande changu cha kwanza kukamilika chenye kuzunguka kilikuwa usukani wa mkia. Ilikuwa Aprili, theluji imeyeyuka, na nilitaka picha ya kumtumia mama yangu Tanga. Nikautoa gereji nikiwa nimeukumbatia, mrefu kunishinda mkononi lakini mwepesi ajabu, nikasimama kwenye majani mbele ya nyumba. Upepo wa machipuko ulikuwa unavuma kutoka magharibi. Nilipogeuka, upepo ukaingia chini ya bati, na kile nilichokizoea kikiwa kimelala mezani miezi mitano kikaamka mikononi mwangu, kikavuta kwenda juu, kikanilazimisha kupiga hatua mbili mbele. Nikakishika kwa nguvu zote. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye ngazi na simu, akaishusha bila kupiga picha.

"Shika vizuri," akasema. "Huo unataka kwenda."